Itikadi haikai kwenye neno moja

Ukitaka kujua gazeti au serikali au shirika lolote linawachukuliaje watu fulani, usihangaike sana na ule ukurasa ambao wamejieleza wenyewe kwamba sisi tunathamini hiki na kile. Pale kila mtu anajipanga. Wewe nenda kwenye sentensi za kawaida kabisa, zile ambazo mwandishi aliandika haraka kabla gazeti halijafungwa, uangalie nani kapewa kitenzi, nani katendwa, nani kanukuliwa kwa maneno yake mwenyewe na nani anaelezewa tu na wengine, na hiyo kazi uifanye kwa maelfu ya sentensi sio kwa moja. Hiki ndo kitu ninachokifanyia utafiti, kuisoma itikadi kwenye maandishi ya lugha zaidi ya moja kwa kutumia korpasi, yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi kwenye kompyuta, na uchambuzi wa diskosi, yaani kuchunguza lugha inavyotumika kwenye jamii, na kila nikianza kumweleza mtu najikuta naongea mpaka anachoka, kwa hiyo leo naandika, atakayechoka apumzike aendelee kesho.

Kwanza neno lenyewe. Wengi wakisikia itikadi wanafikiria vyama vya siasa, ujamaa, ubepari, basi. Kwenye kazi hii maana yake ni pana zaidi na kwangu mimi ni ya kina zaidi, ni yale mawazo ambayo kundi la watu linayashiriki mpaka yanaonekana sio mawazo tena, yanaonekana ndo hali halisi. Mwanaisimu Norman Fairclough alilisema hili vizuri kwenye kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu lugha na mamlaka, kwamba itikadi inafanya kazi vizuri zaidi pale isipoonekana, ikishageuka kuwa "akili ya kawaida". Teun van Dijk, mchambuzi wa diskosi, naye ana mchoro wake maarufu wa pande nne: mema yetu tunayakuza, mabaya yetu tunayapunguza, mabaya yao tunayakuza, mema yao tunayapunguza. Ni rahisi kuuelewa, na ukishaujua huwezi tena kusoma habari kama ulivyokuwa unasoma mwanzo.

Sasa shida ilikuwa wapi. Watu wa uchambuzi hakiki wa diskosi, ule unaotafuta mamlaka yaliyojificha kwenye lugha, walizoea kuchukua maandishi machache, hotuba moja, tahariri mbili, wakazichambua mstari kwa mstari, na wengi wao wana jicho kali kwelikweli. Lakini wakosoaji kama Henry Widdowson wakauliza swali ambalo halikwepeki: umejuaje kwamba mfano uliouchagua ndo unawakilisha, mbona unaonekana umechagua kile kinachokubaliana na ulichokuwa unaamini tangu mwanzo? Upande wa pili kuna watu wa isimu korpasi, wao wana mamilioni ya maneno kwenye kompyuta na takwimu nzuri, ila wanaweza kukupa jedwali zuri sana bila kukuambia jedwali hilo linamaanisha nini kwa mtu anayetajwa humo ndani. Kuwaunganisha hawa wawili ndo akili yenyewe, na kazi iliyofanya watu wengi waamini kwamba inawezekana ni ile ya Chuo Kikuu cha Lancaster kuhusu jinsi magazeti ya Uingereza yalivyowaandika wakimbizi, waomba hifadhi na wahamiaji, maneno kama milioni 140, kuanzia 1996 mpaka 2005, na makala yao ya kimbinu ikatoka 2008. Kwenye timu hiyo walikuwemo Paul Baker na Tony McEnery upande wa korpasi na Ruth Wodak upande wa diskosi, na walichokiona ni kwamba watu hawa wanaandikwa kwa lugha ya maji, wanamiminika, wanafurika, halafu makundi ambayo kisheria ni tofauti kabisa yanachanganywa kama vile ni kitu kimoja. Mtu mmoja akisoma makala kumi anaweza kulihisi hilo. Lakini kuhisi na kuonyesha kwamba ndo mazoea ya miaka kumi ni vitu viwili tofauti, na ukienda mbele ya watu wanaokataa utahitaji hicho cha pili.

Niseme kidogo kompyuta inafanya nini maana wengi wanadhani inasoma. Haisomi. Inapanga. Unaiambia nitafutie neno fulani, inakuletea kila mahali lilipotokea, neno lenyewe limewekwa katikati na maneno ya kushoto na kulia yake, mstari chini ya mstari, hiyo tunaita konkodansi. Ukiagiza ipange kwa alfabeti neno la kulia, mazoea yanajitokeza yenyewe machoni. John Sinclair, mwanaisimu wa korpasi, alikuwa na ushauri ambao mpaka leo naufuata: chukua mistari 30 bila kuchagua, andika unachokiona, chukua 30 mingine, endelea hivyo mpaka usione kitu kipya. Ni kazi ya kukaa. Programu ya AntConc ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda ni ya bure na inatosha kabisa kuanzia, Sketch Engine ni ya kulipia ila ina korpasi nyingi tayari ndani.

Halafu kuna kolokesheni, yaani maneno yanayopenda kukaa pamoja kuliko bahati tu ingeweza kueleza. Mwanaisimu J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa maneno linaloandamana nayo, na mimi naona hapa ndo penye utamu wote. Chukua "kukumbwa na". Kamusi itakwambia ni kupatwa na jambo, lakini msemaji wa Kiswahili anajua bila kufundishwa kwamba hakuna anayekumbwa na neema, mtu anakumbwa na mafuriko, na njaa, na kashfa, na ugonjwa. Kwa hiyo mwandishi akiandika kwamba nchi fulani "imekumbwa na" wageni, hajasema lolote baya kuhusu wageni, ukimbana atakwambia kabisa mimi sijasema kitu, lakini kile kitenzi kimekuja na jamaa zake wote. Hivyohivyo "wimbi la". Angalia nini kinafuata hapo kwenye habari: wimbi la wizi, wimbi la ujambazi, wimbi la utekaji, halafu wimbi la wahamiaji. Hakuna aliyekaa kikao akaamua wahamiaji wawekwe kwenye foleni moja na majambazi, ni mazoea ya maneno ndo yamewaweka hapo, na ndo maana nasema itikadi haikai kwenye neno moja, inakaa kwenye mazoea. Neno moja baya mhariri analiona na kulikata. Mazoea hayakatwi kwa sababu hakuna anayeyaona.

Hayo yote ni kwa lugha moja bado. Ukiongeza lugha ya pili ndo mambo yanaanza, na hapa ndo nataka tukae.

Jambo ambalo linaonekana dogo na linaharibu tafiti nyingi: kuhesabu. Desturi ni kutoa idadi kwa kila maneno milioni moja ili korpasi kubwa na ndogo zilingane. Kwa Kiingereza na Kijerumani sawa. Lakini chukua "hawakutuambia". Kwa kompyuta hilo ni neno moja. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyo. Maana yake habari ileile ikiandikwa kwa Kiswahili inakuwa na maneno machache kuliko kwa Kiingereza, kwa hiyo nomino yoyote, sema "mkimbizi", ukiihesabu kwa kila milioni itaonekana imetajwa zaidi kwenye Kiswahili hata kama imetajwa mara zilezile kwenye habari zilezile! Mtu anaandika sura nzima kwamba vyombo vya Kiswahili vinawataja wakimbizi kupita kiasi, kumbe kinachoonekana pale ni sarufi ya Kibantu. Dawa yake sio ngumu, hesabu kwa makala au kwa sentensi zilizolinganishwa, ila lazima uwe umelifikiria kabla ya kuanza.

Na hata hilo neno moja lenyewe ukilitafuta linakukimbia. Kwa Kiingereza neno la "kukamatwa" lina sura chache sana. Kwa Kiswahili una walikamatwa, wamekamatwa, waliokamatwa, wanaokamatwa, hawakukamatwa, watakamatwa, alipokamatwa, na bado. Orodha ya maneno itazitawanya hizi zote kila moja peke yake, zikaonekana chache chache, halafu viunganishi vikajaa juu ya orodha. Ndo maana unatafuta kwa shina, unaandika nyota halafu "kamatw" halafu nyota tena, na kwa wakimbizi unaandika nyota na "kimbizi" ili upate mkimbizi, wakimbizi na ukimbizi kwa pamoja. Au unatumia korpasi ambayo imeshachambuliwa maneno yake, kama ile Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki ambayo toleo lake la pili lina maneno kama milioni 25, iliyojengwa juu ya kazi ya Arvi Hurskainen na programu yake ya SALAMA. Mtu huyo amekifanyia Kiswahili kitu kikubwa sana na wanaokitumia kila siku hawamjui, inaniuma.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni "sisi". Ule mchoro wa van Dijk unasimama juu ya sisi na wao, kwa hiyo mwanafunzi anayesoma tafiti za Kiingereza anaona wenzake wanatafuta kiwakilishi cha "sisi" na kuangalia kinaandamana na nini, naye anafungua korpasi yake ya Kiswahili anaandika "sisi" na kubonyeza. Anapata mistari michache. Anahitimisha kwamba wasemaji wa Kiswahili hawajengi sana mpaka kati yetu na wao. Si kweli hata kidogo. "Sisi" ya Kiswahili inajitokeza pale mtu anaposisitiza au anapojitofautisha, sisi ya kila siku imefichwa ndani ya kitenzi kwenye "tu", na zaidi ya hapo iko kwenye "etu". Nchi yetu, vijana wetu, mila zetu, mipaka yetu, dada zetu. Nenda katafute "etu" uone nini kinaitwa chetu na nini hakiitwi hivyo hata siku moja, hapo utakutana na itikadi ana kwa ana. Kutafuta "tu" kwenye kitenzi ni shughuli kwa sababu utazoa na tumbo na tunda na tumaini na ile "tu" ya peke yake, lazima uchuje, ila "etu" ni rahisi kiasi na inatoa mengi. Kihispania na Kiitaliano na Kiarabu vina tabia hiyohiyo ya kumficha mtenda ndani ya kitenzi, kwa hiyo hili sio tatizo letu peke yetu, ni tatizo la mbinu zilizotengenezwa kwa kuangalia Kiingereza halafu zikasambazwa kana kwamba zinafaa kila mahali.

Kauli ya kutendwa nayo ni hivyohivyo. Kwenye diskosi tunafundishwa kwamba kutendwa kunaficha mtenda: "waandamanaji wameuawa", na nani, kimya. Sawa. Sasa mtu anahesabu kutendwa kwenye lugha mbili na kusema lugha hii inaficha zaidi. Ngoja kwanza. Kiswahili kina kutendwa kwa "w", lakini kina pia kutendeka, dirisha limevunjika, mali zimeharibika, na hapo mtenda hajafichwa tu, hata nafasi ya kumtaja haipo. Kina pia "vifo vimetokea", ambapo kifo kimekuwa kitu kinachojitokea chenyewe kama mvua. Kifaransa kina "on" yao na Kijerumani kina "man", viwakilishi vya mtu asiyetajwa, na kutendwa kwa Kichina kwa "bei" kwa asili kulibeba maana ya kupatwa na balaa, kwa hiyo hata kukitumia tu tayari kuna hisia. Ukihesabu umbo moja tu unapima sarufi unadhani umepima siasa.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia, na nikibishana na watu nabishana kwa sababu yake, ni kwamba kila lugha ipimwe kwanza kwa mizani yake yenyewe. Usichukue magazeti ya Kiswahili na magazeti ya Kifaransa ukayaweka uso kwa uso. Chukua maandishi yako ya Kiswahili uyalinganishe na Kiswahili cha jumla, uone wapi yametoka nje ya kawaida ya Kiswahili. Fanya hivyohivyo kwa Kifaransa na Kifaransa cha jumla. Kile kilichozidi au kupungua kule na kile kilichozidi au kupungua huku, hivyo viwili ndo unaweza kuvikalisha meza moja. Na unapovikalisha usilinganishe neno na neno, linganisha kazi: kwenye lugha hii mhusika huyu anatenda nini, anatendwa nini, anatajwa na sifa gani, na kwenye lugha ile je. Kwa upande wa takwimu inasaidia kutumia kipimo ambacho hakiyumbi na ukubwa wa korpasi, mimi natumia logDice ya Pavel Rychlý, alama ya jinsi maneno mawili yanavyoambatana, ambayo kikomo chake cha juu ni 14, kwa sababu alama nyingine ya namna hiyo, MI, inapenda mno maneno adimu, unaweza kujaziwa majina ya watu na makosa ya uchapaji.

Kuna swali la korpasi ya aina gani pia. Kuna korpasi sambamba, yaani maandishi asili na tafsiri zake, na kuna korpasi linganifu, yaani maandishi yaliyozaliwa kila moja kwenye lugha yake kuhusu jambo lilelile na wakati uleule. Sambamba zipo kubwa kubwa tayari, Umoja wa Mataifa wametoa nyaraka zao za 1990 mpaka 2014 kwa lugha zote 6 rasmi, na Europarl ya Philipp Koehn ina mijadala ya Bunge la Ulaya kwa lugha 21. Ni hazina. Ila tafsiri ina tabia zake ambazo sio itikadi, Mona Baker, mtafiti wa tafsiri, alilizungumzia hili tangu 1993, kwamba wafasiri wana kawaida ya kufafanua zaidi, kurahisisha, kulainisha yale ya ajabu yawe ya kawaida. Ukiona tafsiri imeongeza maelezo usikimbilie kusema kuna njama, pengine ndo tafsiri zilivyo. Na lazima ujue mwelekeo, ipi ni asili na ipi ni tafsiri, maana ukikosea hapo unamshtaki mfasiri kwa maneno ya mwandishi.

Hata hivyo tafsiri inaweza kubeba itikadi na ikabeba bila neno lolote la kashfa. Ian Mason aliandika mwaka 1994 kuhusu makala iliyotoka kwenye jarida la UNESCO, ya Kihispania na tafsiri yake ya Kiingereza, kuhusu historia ya watu wa asili wa Meksiko. Kwenye Kihispania watu hawa wanaishika historia yao, wanaikumbuka, wanaifanya. Kwenye Kiingereza wamesogezwa pembeni, wanakuwa watazamaji wa mambo yanayowatokea. Ukichukua uamuzi mmoja mmoja wa mfasiri hakuna wa kumlaumu, kila mmoja unatetewa, na pengine mfasiri mwenyewe hakujua. Ni ule mrundikano. Mason alifanya kwa macho yake kwenye makala moja, na mimi kila nikisoma kazi ile nawaza, sasa hebu fikiria hicho kitu kwenye makala elfu kumi, kwa miaka ishirini, kwa lugha ambazo habari zake nyingi za kimataifa zinaingia kupitia tafsiri za mashirika machache ya habari kama Reuters na AFP. Hapo ukikuta mkao fulani kwenye habari za Kiswahili inabidi uulize umeingia lini, ulikuwa kwenye habari ya shirika tayari au umeongezwa mezani kwa mhariri. Bila kuwa na matoleo yote mawili huwezi kujibu.

Vitenzi vya kunukuu ndo ninavyovifanyia kazi sasa hivi, na nawashauri wanaoanza waanze hapo kwa sababu vinatafutika kirahisi na vinazaa. Alisema, aliongeza, alibainisha, alifafanua, alisisitiza, alidai, alilalamika, alikiri. Kila kimoja kinamweka msemaji mahali. Anayebainisha tayari anaujua ukweli na anatupa. Anayedai hatujui kama tumwamini. Anayelalamika tumeshamfanya mtu wa kelele. Kwenye maandishi ninayoyasoma mimi viongozi wanabainisha na wataalamu wanafafanua, na mwananchi aliyebomolewa nyumba yake anadai na kulalamika, hata pale ambapo yeye ndo aliyekuwepo na kiongozi hakuwepo. Sasa swali zuri ni je, habari hiyohiyo ikiandikwa kwa lugha nyingine mgawanyo ni huohuo? Huwezi kusema "alidai" ni sawa na kitenzi fulani cha Kiingereza ukamaliza, lugha kila moja ina ngazi zake, kwa hiyo unajenga ngazi ya kila lugha kwanza, unaona nani amewekwa juu na nani chini, halafu unalinganisha nafasi za watu, sio vitenzi.

Na kuna maandishi ambayo lugha mbili zimo kwenye ukurasa mmoja. Hayo yanapuuzwa sana kwa sababu programu nyingi zinataka lugha moja kwa faili, kwa hiyo watafiti wanayasafisha, wanatoa lugha "ngeni" wanabaki na moja. Mnatupa data jamani! Swali pale ni lugha gani imepewa kazi gani. Kama maelezo ya kisheria na takwimu ziko kwa lugha moja, na vichekesho, matusi na vilio vya watu vimeachwa kwa lugha nyingine, huo ni mpangilio wa nani ana akili na nani ana hisia, na umeshapangwa kabla hata hujaanza kusoma maneno yenyewe. Mimi naziwekea alama kila kipande ni lugha gani na ni sauti ya nani, kwa mkono, inachukua muda mrefu na sijaona njia ya mkato ninayoiamini.

Kuhusu usafi wa data nipite haraka ila msipite haraka mkifika kwenye kazi zenu. Hifadhi kila kitu kwa UTF-8, ule mfumo wa kompyuta unaobeba herufi za lugha zote. Ukiskani magazeti ya zamani tegemea herufi kuvurugika. Ondoa nakala, kwa sababu habari moja ya shirika inaweza kuchapishwa kwenye tovuti nyingi na ukadhani ni mazoea kumbe ni makala moja imenakiliwa. Angalia mtawanyiko: kolokesheni nzuri kabisa inaweza kuwa imetoka kwa mwandishi mmoja mwenye neno analolipenda. Na siku hizi kuna jambo jipya, maandishi mengi ya lugha mbili yanayookotwa kwenye intaneti yametafsiriwa na mashine, kwa hiyo unaweza kuwa unachambua itikadi ya jamii fulani na kumbe unachambua programu. Chanzo kisichojulikana nakitoa tu.

Suala la sisi watafiti wenyewe linastahili kusemwa wazi. Kompyuta haina upande lakini maneno unayoyatafuta umeyachagua wewe. Ukianza kwa kutafuta "haramu" utakuta haramu. Ndo maana napenda kuanza na maneno-funguo, unaiachia programu ikuonyeshe maneno yapi yamezidi kwenye maandishi yako ukilinganisha na lugha ya jumla, halafu unashangazwa na data kabla hujaanza kuiuliza maswali yako. Paul Baker na Erez Levon walifanya jambo la ujasiri lililochapishwa 2015, mmoja akachambua kwa korpasi na mwingine kwa usomaji wa karibu, mada moja, jinsi magazeti ya Uingereza yanavyoandika kuhusu wanaume, kisha wakaweka matokeo mezani. Kuna waliyoyaona wote, na kuna ambayo kila mmoja aliyaona peke yake. Kwangu hilo sio pigo kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, linaonyesha kila moja ina upofu wake na upofu wao hauko mahali pamoja. Kwenye lugha nyingi nazidi kuamini unahitaji pia mtu wa pili aliyezaliwa ndani ya lugha ile, asome mistari ileile bila kujua wewe umeona nini. Mimi naweza kusoma Kifaransa vizuri sana na bado nisisikie kwamba kifungu fulani kinanuka ubeberu, kwa sababu sikukua nikikisikia kwa bibi na redioni.

Kitu kigumu kuliko vyote ni kimya. Korpasi inakuonyesha kilichopo, lakini itikadi inapenda sana kukaa kwenye kisichosemwa. Hapa lugha nyingi zinageuka kuwa msaada badala ya mzigo, kwa sababu lugha moja ikikaa kimya ile nyingine inaweza kukuonyesha kwamba kulikuwa na cha kusema. Mgomo wa wafanyakazi, lugha moja inataja mishahara na majina ya wagomaji, nyingine inataja usumbufu kwa wateja tu. Ungekuwa na hiyo ya pili peke yake, kutokuwepo kwa mishahara usingekuona kabisa, huwezi kutafuta kwenye programu neno ambalo hujui kwamba lilipaswa kuwepo. Nikishapata orodha ya wahusika na mambo kutoka lugha moja naipeleka kwenye lugha ya pili naangalia nani hajafika. Wasiofika huwa ni walewale, na hii ndo sehemu ya kazi inayonitoa usingizini, kwa sababu ni watu halisi.

Wakati wa kuandika matokeo naweka mistari ya konkodansi ya lugha zote kama ilivyo, na chini yake maelezo yangu kwa Kiswahili, sio jedwali peke yake, ili msomaji anayeijua lugha ile anikatalie kama nimesoma vibaya. Na naweka wazi nilitafuta nini hasa, mpaka zile nyota na mashina, ili mtu mwingine arudie. Kwa sasa nimefika kwenye "alikiri", ambacho kinanipa taabu maana kwenye habari za mahakamani ni neno la kawaida tu la kisheria ila nje ya mahakama linamgeuza mtu mkosaji kabla hajahukumiwa, kwa hiyo nimezitenga habari za mahakama pembeni na naanza upya mistari 30 ya kwanza. Kama kuna mtu ana maandishi ya miaka ya zamani ya Kiswahili na lugha nyingine yoyote kuhusu jambo moja, yaliyochapwa na yenye tarehe, naomba tuwasiliane.